Kompyuta Isiyomjua Mama Mdogo

Katika duka lile la udobi kulikuwa na kiti ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukikalia. Kilikuwa kiti cha kuzunguka, chenye mgongo mrefu na magurudumu matano, na bado kilikuwa kimevikwa nailoni yake. Dada alikuwa amekinunua kwa sharti kwamba muuzaji atakipokea tena baada ya wiki moja, ilimradi nailoni isiwe imechanika. Alikisukuma nyuma ya kaunta, akamwambia mdogo wake, "Hicho ni chako. Ila si chako bado."

Mdogo wake huyo ndiye ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini kati ya hiyo aliitumia akiwa amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi, kwenye chumba cha nyuma, kati ya pazia la kaunta na mashine ya kufulia iliyotetemeka mpaka vikombe vikahama rafuni. Mgongo wake ulianza kwa kuuma Ijumaa tu, maana Ijumaa ndiyo siku ya mashati. Baadaye ukaongeza Jumatano. Mwishowe ukaacha kuchagua siku. Daktari akamwambia atafute kazi ya kukaa.

"Kukaa si kazi," Dada alisema alipopelekewa habari hizo.

Dada ndiye aliyekuwa mwenye duka, na alikuwa mtu wa kaunta tangu tumboni. Alijua majina ya wateja, watoto wa wateja na shule za watoto hao. Jioni wateja walipopungua, alikuwa na mazoea ya kuingia chumba cha nyuma, kukunja mikono ya nguo na kupiga pasi mashati kumi na kitu, kumsaidia mdogo wake. Alikuwa akijivunia kola kuliko kitu kingine chochote. "Mtu hupimwa kwa kola," alipenda kusema, akiinua shati juu ya taa. "Hebu tazama hii." Mama Pasi alikuwa akitazama, anasema hongera Dada, halafu anasubiri atoke.

Basi Mama Pasi alipoona tangazo la masomo ya bure ya kuandika programu, kila Jumamosi asubuhi kwenye maktaba, alijiandikisha. Watu walimcheka, naye akawaacha wacheke. Kwa muda wa miezi minane alikaa mstari wa mbele, mto mdogo nyuma ya kiuno, akiandika programu ya duka la udobi: nguo ipokewe, ijulikane iko wapi, ikabidhiwe kwa mwenyewe. Dada alipoona programu ile inaweza kutafuta soksi moja kati ya mia tatu, aliomba aonyeshwe tena. Ndipo kiti kikanunuliwa.

"Wiki moja," alisema Dada. "Bila aibu mbele ya wateja. Ikipita salama, unakaa hapa kwenye kiti na kompyuta yako, natafuta mpiga pasi mwingine. Ikitokea aibu, hata moja tu, kiti kinarudi dukani. Nanunua programu ya watu, inakuja na mtu wao wa kuiendesha, na wewe unarudi mezani kwako."

Mama Pasi alikitazama kiti. Alikitamani kama ambavyo hakuwahi kutamani gauni. Wiki ile ingeanza Jumatatu.

Tatizo likazuka Jumamosi, siku mbili kabla.

Mwalimu wa maktaba alikuwa mwanamke mwembamba aliyestaafu kazi ya kuandika programu za benki, na maneno yake alikuwa akiyapima. Siku ile alifundisha nani anaruhusiwa kuita nini. Programu zao zilikuwa zimegawanywa katika klasi, yaani mafungu ya vitu vya aina moja, na kila klasi ilikuwa na vitendo vyake, kazi inazofanya inapoitwa; tena klasi moja iliweza kuzaa nyingine, zikairithi. Sasa, alisema, kila kitendo lazima kiwekewe neno moja mbele, kati ya matatu. Yenyewe yalikuwa ya kigeni, lakini yeye aliyatafsiri ubaoni: wazi, siri, ukoo.

"Kitendo cha wazi kinaitwa na yeyote, kama mteja anavyosimama kaunta akaomba huduma. Cha siri kinaitwa na klasi yenyewe tu, hata mtoto wake hakioni. Cha ukoo kinaitwa na klasi yenyewe, pamoja na waliotoka tumboni mwake na waliotoka kwa hao."

"Kuficha ili iweje?" aliuliza Mama Pasi. "Kuna mwizi?"

"Hakuna mwizi. Kuna mtu atakayebonyeza asichokijua. Halafu kilicho ndani ukikificha, unaweza kukibadilisha siku yoyote bila kuomba ruhusa kwa wa nje. Siri ya mtungi aijue kata, basi."

Mama Pasi aliafiki. Tena hili neno la ukoo lilimpendeza sana, akaona kwamba limetungwa na mtu aliyelelewa vizuri. Alikuwa na klasi inayoitwa Nguo, na watoto wake watatu, Shati, Gauni na Suti. Alikuwa na klasi nyingine inayoitwa Shuka, kwa ajili ya mashuka, mapazia na vitambaa vya meza. Kule kwenye Shuka alikuwa ameandika kitendo cha kuondoa doa, hatua kwa hatua, kazi ya majuma mawili. Akakiwekea neno ukoo. Kisha akaliambia Gauni likatumie kitendo kile kile, maana kwa nini aandike mara mbili?

Kompyuta ikachora mstari mwekundu. Kitendo hicho, ilisema, hakifikiki kutoka hapa.

"Mwalimu!" aliita. "Mashine imeharibika. Gauni linamwomba mama yake mdogo, linakataliwa mlangoni."

Mwalimu akaja, akainama. "Mama mdogo yupi?"

"Shuka. Shuka si mdogo wake Nguo?"

"Umeandika wapi kwamba ni ndugu?"

"Hilo la kuandikwa? Kila mtu anajua. Wote wametoka duka moja."

Kinyozi mmoja aliyekuwa akisoma nyuma yake alikohoa ili asicheke. Mwalimu akavuta kiti. "Sikiliza. Hata ungeandika, isingesaidia. Kompyuta haimjui mama mdogo. Haimjui shangazi wala baba mkubwa. Inamjua mzazi, na mzazi wa mzazi, kwenda juu kwa mstari mmoja. Wengine wote ni watu baki."

"Watu baki!" Mama Pasi aliweka mkono kifuani. Yeye mwenyewe alilelewa nusu ya utoto wake na mama mdogo, na kipigo alichopata kwake hakikuwa cha mtu baki. "Basi haina adabu."

"Adabu haina, lakini ina utaratibu. Kama Nguo na Shuka ni ndugu, watafutie mama yao. Andika klasi moja juu yao wote wawili, kitendo cha doa ukiweke kwake. Watoto na wajukuu wote watakirithi." Mwalimu akaamka, kisha akageuka. "Halafu usije ukaweka yote wazi kwa hasira."

"Mimi? Hasira?" alisema Mama Pasi.

Jumapili mchana alikaa chini kumtafuta mama yao Nguo na Shuka. Alihamisha hiki, kile kikalia. Akatuliza kile, mistari mitatu mingine ikawa myekundu. Mgongo nao ukaanza kuchangia hoja. Kufika saa kumi alikuwa amechoka na kompyuta, na utaratibu wake, na mstaafu wa benki aliyemfundisha. Kulikuwa na kitufe cha kutafuta neno na kulibadilisha kila mahali lilipo. Akatafuta ukoo, akaweka wazi. Mistari miwili ikabaki. Akatafuta siri, akaweka wazi. Wekundu wote ukatoweka, kompyuta ikatulia kama mtoto aliyepewa titi.

"Unaona?" aliiambia. "Nyumba ya watu wema haina milango."

Alikuwa amesahau jambo moja, nalo ni kazi ya mikono yake mwenyewe, tena aliyokuwa akiionea fahari. Skrini ya kaunta aliiandika isome vitendo vyote vya wazi, na kila kimoja ikitengenezee kitufe. Hadi Jumamosi vitufe vilikuwa vitatu: Pokea, Tafuta, Kabidhi. Dada alishaongeza skrini ya pili, kubwa, iliyowaelekea wateja, ili mtu aone jina lake ajisikie amepokewa.

Jumatatu asubuhi Dada aliwasha kompyuta, akakuta vitufe ishirini na viwili.

"Naona umetia bidii!" alipaza sauti kuelekea pazia.

Mama Pasi alikuwa nyuma, pasi mkononi, akipiga shati lake la mwisho la maisha, kwa alivyotumaini. "Ndiyo, Dada!" aliitikia, bila kujua anaitikia nini.

Wa kwanza kuingia alikuwa wakili, pamoja na mkewe, wakileta koti. Nyuma yao alisimama kiongozi wa kwaya aliyekuja kuchukua suruali. Dada akabonyeza Pokea, jina la wakili likatokea kubwa na zuri, wakili akalitazama akaridhika. Hapo Dada angeishia. Lakini kulikuwa na kitufe kipya kilichoandikwa Tabia ya Mteja, na Dada, mtu wa huduma bora, akaona ni heshima kukibonyeza.

Skrini kubwa ikaandika: *Hulalamikia vifungo. Vihesabu mbele yake kwa sauti. Makombo ya keki, mfuko wa kushoto. Mkewe amemkataza sukari. Toa makombo kabla mke hajaja kuchukua koti.*

Mke wa wakili alisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa kushoto wa lile koti lililokuwa kaunta.

"Keki," alisema.

"Hayo yanaweza kuwa ya mkate," alisema wakili.

"Yana zabibu."

Dada alibonyeza kitufe kingine upesi ili maneno yale yaondoke, na yakaondoka kweli, mahali pake yakaja ya anayefuata kwenye foleni. *Kiongozi wa kwaya. Suruali imeongezwa kiuno mara tatu bila yeye kujua. Anaamini amekonda. Aachwe aamini.*

Kiongozi wa kwaya alishika mkanda wake. "Lakini zinanitosha," alisema kwa sauti ndogo ambayo kwaya yake haijawahi kuisikia. "Zote zinanitosha."

"Mdogo wangu!" aliita Dada. "Njoo! Inasema yenyewe!"

Mama Pasi alitoka nyuma ya pazia wakati Dada anabonyeza kitufe cha tatu, kile kilichokuwa karibu zaidi na kidole chake. Alikitambua kutoka mbali. "Dada, hicho usi..."

Maji yalishamwagika. Wakili, aliyefurahi kupata jambo lisilomhusu, alisoma kwa sauti ya mahakamani: "*Rudia Kola. Mashati yaliyopigwa na Dada jana jioni: kumi na manne. Kola zote zirudiwe kabla ya kukabidhi. Dada asijue.*"

Hakuna aliyecheka. Hata mashine ya kufulia, ambayo haikuwahi kumheshimu mtu, ilifika mwisho wa mzunguko ikanyamaza. Dada aliwakabidhi wateja vitu vyao kwa mikono yote miwili, mmoja mmoja, akawaambia karibuni tena. Kisha akaenda mlangoni akageuza kibao, ndani wakabaki wao wawili na kiti.

Mama Pasi alikitazama kiti kwa mara ya mwisho. Kwa kweli alitaka kulia. Si kwa ajili ya kiti tu. Zile zilikuwa siri alizoziandika kwa sababu ya kuwapenda watu, na sasa zilionekana kama umbea.

"Tangu lini?" aliuliza Dada.

"Dada, ni kosa langu, niliweka yote wazi kwa sababu ya..."

"Kola. Tangu lini?"

"Tangu tulipofungua."

"Miaka ishirini?"

"Kumi na tisa. Mwaka wa kwanza ulikuwa hupigi kola."

Dada aliona aibu, na Dada alipoona aibu alikuwa mkali. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Kola zangu zina nini?"

"Zina mkunjo kwenye ncha. Unaanzia katikati, unausukuma mkunjo mpaka mwisho."

"Na wewe unasimama, unazirudia."

"Ukishatoka."

"Mashati kumi. Kumi na manne. Kila jioni." Dada hakuwa mtu wa hesabu, lakini hii aliifanya. Mama Pasi aliuona uso wake ukibadilika, ukali ukitoka, na nyuma yake kikabaki kitu ambacho hakuwahi kukiona pale tangu mazishi ya mama yao. "Kwa hiyo huo mgongo," alisema Dada. "Huo mgongo wako ni mimi."

"Si wewe. Ni kola."

"Ni kola zangu! Kwa nini hukusema?"

"Ungeona vibaya. Ulikuwa unakuja kunisaidia."

Dada alishika kiuno. Halafu, kwa kuwa binadamu lazima amtafute mwingine wa kumtupia lawama, akamtupia marehemu. "Kosa ni la mama. Wewe alikufundisha, mimi hakunifundisha."

"Alitufundisha wote, Dada. Siku moja, meza moja. Ila wewe ulikuwa unaongea na mteja dirishani."

Ilikuwa kweli, na Dada aliikumbuka, hata mteja mwenyewe alimkumbuka na jina lake. Lakini Mama Pasi hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa amesimama mkono mdomoni. Wote. Meza moja. Mama mmoja, watoto wawili, na kitendo kimoja cha kupiga kola ambacho tangu hapo mmoja alikuwa akimfichia mwenzake, kama vile hawakutoka tumbo moja.

"Dada, nipe saa moja," alisema, akaenda kwenye kompyuta. Aliandika akiwa amesimama, kwa mazoea.

Kwanza alirudisha kila siri mahali pake. Keki ya wakili akaifungia ndani, na kiuno cha kiongozi wa kwaya, ingawa hapo alijua kwamba anafunga zizi wakati ng'ombe yuko sokoni. Kisha juu ya Nguo na juu ya Shuka akaandika klasi mpya. Akafikiria jina, akaiita Mama. Kitendo cha kuondoa doa akakihamishia kwake, akaweka neno ukoo. Gauni likakiita kama la kwake, bila kumwomba mama mdogo, na mstari mwekundu haukutokea. Halafu akakifikia kile cha Rudia Kola. Akakifuta chote. Mahali pake, ndani ya klasi Mama, akaandika Piga Kola, kutoka nchani kwenda katikati, akakiwekea ukoo. Kwenye skrini vitufe vikarudi kuwa vitatu.

"Sasa nimeelewa," alisema kwa sauti. Miezi minane, na alielewa kwa sababu ya kola. "Dada! Nimeelewa! Njoo uone!"

Dada hakuitikia. Kiti hakikuwepo nyuma ya kaunta.

Mama Pasi alikwenda mlangoni, akatazama barabara upande huu na upande ule. Hakuna Dada, hakuna kiti. Basi kimerudi dukani, alifikiri. Aibu moja ilitosha kukirudisha, na zilitokea tatu kabla ya saa nne. Akaamua kutolia. Akavuta pazia ili arudi kwenye meza yake.

Kiti kilikuwa pale, kando ya meza ya pasi. Nailoni ilikuwa chini, imechanwa vipande vipande, nyingine kwa mkasi, nyingine, kwa jinsi ilivyoonekana, kwa meno. Dada alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mikono ya nguo imekunjwa, pasi mkononi, na mbele yake shati moja kati ya yale kumi na manne.

"Hicho hawakipokei tena," alisema bila kuinua macho. "Kaa."

Mama Pasi akakaa. Kiti kilimpokea mgongo wote kwa mara moja, akatoa sauti ambayo hakuikusudia.

"Mpiga pasi mwingine sitafuti mpaka nijue nitamkagua vipi," alisema Dada. "Nianzie wapi?"

"Nchani. Polepole. Unakuja katikati."

Dada alipiga. Alitoa ulimi nje kidogo, kama alivyokuwa akifanya utotoni akijifunza kufunga kamba za viatu. Alipomaliza aliinua shati juu ya taa, kwa mazoea, akasubiri hongera yake.

Mama Pasi aliitazama kola ile. Ncha ya kushoto ilikuwa imenyooka. Ya kulia ilikuwa na mkunjo mdogo, mdogo sana, ambao mteja asingeuona, na ambao kwa miaka kumi na tisa alikuwa akimsubiri Dada atoke ndipo aunyooshe.

"Rudia," alisema.

Dada akairudia.